Usifute, Mwalimu

Kila bajeti ya elimu inaposomwa Dodoma, husifiwa madarasa mapya, madawati, maabara na, siku hizi, vishikwambi. Sijawahi kumsikia mbunge akisimama kuzisifu notsi. Hii ni dhuluma. Madarasa yetu hupata nyufa, maabara hugeuka stoo ya viti vibovu, walimu huhamishwa katikati ya muhula, lakini notsi hazijawahi kutuangusha. Mwalimu akiwepo, zipo. Mwalimu asipokuwepo, zipo kwa wingi zaidi.

Mimi ni zao la notsi. Nilisoma sekondari ya kata, mojawapo ya zile zilizoota kila kona baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, na kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne sikumbuki somo ambalo sikulinakili. Naandika haya nikiwa na akili timamu na sugu kwenye kidole cha kati.

Kwa msomaji aliyesoma shule za ada kubwa, nieleze utaratibu. Mwalimu anaingia na daftari lililochanika jalada, alilolijaza siku zile alipokuwa mwanafunzi yeye mwenyewe. Tunasimama, tunamsalimia kwa Kiingereza, tunakaa. Anatupa mgongo na kuanza kuandika kutoka kona ya juu kushoto ya ubao. Sisi tunafungua kaunta buku, kwaya tatu kwa masomo ya kawaida na kwaya nne kwa Historia na Baiolojia, tunaandika alichoandika. Ubao ukijaa anafuta, anarudi juu. Dakika 40 zikiisha, kengele inalia, anakung'uta chaki mikononi na kutoka. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, hakuna aliyechoshwa na maneno ya mtu.

Siku ambazo mwalimu ana kikao, semina, msiba au duka, daftari lile hukabidhiwa msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko sote. Huyo ndiye aliyetufundisha sehemu kubwa ya Kidato cha Pili. Hakuwahi kupandishwa daraja wala kudai malimbikizo. Notsi zake mwenyewe aliziandika wakati wa mapumziko, sisi tukiwa nje tunakula mihogo.

Husemwa kwamba darasa la namna hii halina majadiliano. Anayesema hivyo hajawahi kukaa nyuma.

"Usifute, mwalimu, bado!"

"Nani bado?"

"Huku nyuma, mwalimu."

"Mtanakili kwa wenzenu."

Hayo ni majadiliano, tena ya kila siku. Na neno lisilosomeka vizuri lilizua mjadala mkubwa zaidi. Kwenye mada ya kugawanyika kwa seli, upande wa dirishani waliona imeandikwa mitosisi, upande wa mlangoni wakaona ni meiosisi. Mwalimu alikuwa ameshatoka. Tukapiga kura, upande wa dirishani ukashinda kwa kuwa ndio wenye madawati mengi, na tangu siku hiyo seli za darasa letu zimekuwa zikigawanyika kwa ridhaa ya wengi.

Uaminifu wetu katika kazi hii haukuwa na dosari. Notsi zilipotuagiza tutazame mchoro ulio hapo juu, tuliinakili sentensi hiyo, ingawa hapo juu palikuwa na jina la somo na tarehe tu. Siku nyingine msichana wetu alikabidhiwa andalio la somo badala ya notsi. Akaliandika ubaoni lote, nasi tukalinakili lote, pamoja na lile agizo kwamba mwalimu awaulize wanafunzi maswali ya kuwachochea kufikiri, na wanafunzi wajibu kwa usahihi. Limo kwenye daftari langu la Jiografia. Limepigwa tiki nyekundu.

Lakini fadhila kubwa ya notsi ni amani ziliyoileta nchini. Shule ya msingi ya serikali tunafundishwa kwa Kiswahili mpaka Darasa la Saba. Tukiingia sekondari, baada ya wiki chache za kozi ya utangulizi, kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili, kelele za mapumziko na maelezo yanayotangulia viboko. Mtoto aliyeueleza usanisinuru vizuri Septemba, kwenye mtihani wa Darasa la Saba, anautazama mmea uleule Januari kama hawajawahi kutambulishwa. Mwalimu naye, maskini, alipita njia hiyohiyo. Nchi nyingine ingepata fedheha hapa: mtu mzima anayeogopa kuzungumza lugha asiyoimudu, mbele ya watoto wasioielewa, wote wakijua kwamba wote wanajua.

Notsi zikaleta suluhu. Kiingereza cha ubaoni hakina lafudhi, hakikwami katikati, hakichekwi. Mwalimu hatamki, mwanafunzi hajibu, na wote wawili wanakuwa wametumia lugha ya kufundishia kama Wizara inavyotaka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipozinduliwa Februari 2015, wasomi walibishana magazetini hadi wino ukawaishia: Kiswahili, la, Kiingereza, la, zote mbili. Darasani kwetu ubishi huo ulikuwa umeshakwisha siku nyingi. Tulisoma kwa ukimya. (Somo la Kiingereza silitaji tena katika makala haya. Lilifundishwa kwa Kiswahili.)

Ikulu ya notsi ni Historia. Humo kila tukio lina sababu sita, na kila sababu ina mstari mmoja na nusu. Tulimnakili mwanadamu wa kale, fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Oldupai na Mary Leakey mwaka 1959, tukanakili Bismarck na Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, yote kwa kasi moja. Uzuri wa sababu sita ni kwamba zinahamishika. Kwa nini Majimaji ilishindwa? Silaha duni, kukosa umoja. Kwa nini Mkwawa alishindwa? Silaha duni, kukosa umoja. Wanandi je? Washona na Wandebele je? Silaha duni, kukosa umoja. Mwanafunzi akishazikariri mara moja, anakuwa na uwezo wa kushindwa vita vyote vya Afrika bila kufungua ukurasa mwingine.

Ni kweli kuna visa vinavyoweza kumsumbua mtu mwenye muda wa kupoteza. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski. Kamanda mwenyewe alikufa, bunduki kwa mamia zikaangukia mikononi mwa Mkwawa, na Wajerumani hawakummaliza mpaka 1898, tena alijiua mwenyewe kuliko kukamatwa. Sasa mtu mkorofi anaweza kuuliza: mwenye silaha duni aliwashinda vipi wenye silaha bora, halafu akashindwa akiwa na silaha zao? Mkuki ulifanya nini, kichaka kilifanya nini, makosa ya Zelewski yalikuwa yapi? Notsi hazikututia katika kishawishi hicho. Lugalo lilikuwa jina moja kwenye mstari mmoja, na wengi wetu tulilijua zaidi kama hospitali ya jeshi iliyopo Dar es Salaam.

Mkorofi tulikuwa naye, hata hivyo. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Kama Wahehe walishinda Lugalo..."

"Hiyo mtaikuta Kidato cha Tatu. Kaa chini, unawachelewesha wenzako."

Alikaa. Kidato cha Tatu, kwa mwalimu mwingine, akanyoosha tena. "Hiyo si mlishamaliza Kidato cha Pili?" Akakaa. Nasikia sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na anafanya vizuri.

Jiografia ina fadhila tofauti: haiamini kifo. Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliivua Pluto cheo cha usayari mwaka 2006. Kwenye daftari langu ni sayari ya tisa, kwenye daftari la mdogo wangu aliyeko Kidato cha Pili sasa hivi ni sayari ya tisa, na nina imani watoto wake wataikuta pale pale. Vivyo hivyo RUBADA, ile mamlaka ya kuendeleza Bonde la Rufiji iliyoanzishwa mwaka 1975. Serikali iliivunja. Majukumu yake bado tunayanakili, kwa mpangilio, kuanzia namba moja. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 limejengwa kwenye mto huohuo, lakini bwawa limekuja baada ya notsi, kwa hiyo litasubiri.

Nyuma ya shule yetu palikuwa na mto ambao kila masika uliingia hadi jikoni kwa mpishi. Mto huo haukuwa kwenye notsi. Mto uliokuwemo ni Tennessee wa Marekani, pamoja na mamlaka yake iliyoundwa mwaka 1933, mabwawa yake, umeme wake na namna ilivyowaondolea wakulima wa huko adha ya mafuriko. Tulizinakili faida za kuzuia mafuriko tukiwa tumekunja suruali magotini. Watu wa Tennessee wawe na amani, mambo yao tunayafuatilia.

Uraia ulikuwa kipindi cha baada ya chakula, wakati ambao demokrasia huingia kichwani vizuri. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, tuliinakili kimya kimya, kiranja akiwa amekaa mbele na karatasi anaandika majina ya wapiga kelele. Aliyeandikwa mara tatu alimwagilia bustani ya mkuu wa shule. Sijaona mahali ambapo nadharia na vitendo vimekaribiana kiasi hicho.

Kwenye sayansi notsi zimeiokolea serikali fedha nyingi ambazo haijawahi kuzishukuru. Maabara ina gharama. Inataka maji, gesi, chupa, kemikali, na mtu wa kuzifunga kwa kufuli. Ubao unataka chaki. Dondosha iodini kwenye wanga, rangi itakuwa bluu iliyokolea hadi kuelekea weusi: tumeandika. Pitisha kabonidayoksaidi kwenye maji ya chokaa, yatageuka meupe kama maziwa: tumeandika. Ingiza kijiti kinachowaka kwenye haidrojeni, utasikia mlio mdogo wa kupasuka: tumeandika, na mlio wenyewe tumeuwekea alama za mtajo. Chini ya kila jaribio kulikuwa na sehemu ya kuandika kilichoonekana, na sisi kwa pamoja tuliandika bluu, maziwa, mlio. Kilichoonekana darasani kilikuwa vumbi la chaki. Hakuna aliyeungua wala chupa iliyovunjika. Wanga wenyewe tulikuwa nao tele tumboni, ugali wa saa saba, lakini hakuna aliyetuambia ndio huo.

Fizikia ilitufikisha mbali zaidi. Upo ule mkono wa chuma wenye skrubu unaopima unene wa waya hadi milimita 0.01. Tulijifunza kuusoma kwenye mchoro wa ubaoni, uliochorwa na mwalimu kwa rula ya mbao iliyokatika mwishoni, ikawa inaanzia sentimita ya nne. Usahihi tulioupata kwa njia hiyo haujawahi kupimwa. Na mtu asidhani kwamba Baraza la Mitihani halikutufikiria: kwa miaka mingi shule zisizo na maabara zilikuwa na mtihani wao wa mbadala wa vitendo, ambapo jaribio linafanywa kwa kalamu. Huko tulikuwa wenyeji.

Michoro ya Baiolojia ina historia yake. Amiba ilitoka kwenye daftari la mwalimu ikiwa na miguu bandia mitatu, ikafika ubaoni na minne, ikaingia kwangu na mitano, na ilipofika dawati la mwisho ilikuwa chapati ya mtu anayejifunza kupika. Hakuna aliyekosea. Kiumbe asiye na umbo maalumu amepata njia ya kufundishia inayomstahili. Kipindi pekee ambacho mwalimu wetu hakuandika ubaoni kilikuwa cha mada ya uzazi wa binadamu. Alimpa kiongozi wa darasa notsi zake, akasema tutasoma wenyewe, akaenda kusahihisha madaftari chini ya mwembe. Sijawahi kuliona darasa likinakili kwa bidii kama siku ile, na hata wale wa nyuma hawakusema bado.

Hisabati peke yake ilijaribu kuleta ukaidi, kwa sababu x haitaki kukaririwa. Tukaikariri hivyo hivyo. Mwalimu aliandika mfano na jibu lake, sisi tukaumeza mfano mzima pamoja na namba zake, na mtihani ulipobadilisha 5 kuwa 3 tuliona tumesalitiwa.

Sasa nije kwenye Kiswahili, somo ambalo mtu angetegemea tuvunje ukimya, kwa kuwa lugha ni yetu. Hapana. Notsi za Kiswahili ndizo zilizoiva kuliko zote, kwa sababu zilitupunguzia kazi ya kusoma vitabu. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikaa kabatini kwa mkuu wa shule ili kisichakae. Tulichopewa ni uchambuzi: maudhui, chini yake dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha fani, chini yake muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Falsafa ya mwandishi niliijua kabla sijajua kisa. Ningeweza kukutajia dhamira za Takadini mfululizo, ubaguzi, mila potofu, malezi, mapenzi ya mama, na nisingeweza kukuambia ni nani alimkimbiza nani kwenda wapi.

Ilikuwa hivyo hivyo kwa Ngoswe ya Edwin Semzaba. Kwenye notsi, Ngoswe ni mhusika mkuu, ni msomi, ni mzembe, amechanganya kazi na mapenzi, hafai kuigwa na jamii. Miaka kadhaa baada ya kumaliza shule nilikikuta kitabu chenyewe kwa muuza vitabu vya mitumba, nikakinunua kwa udadisi, nikakisoma ndani ya daladala. Karani wa sensa anafika kijijini, badala ya kuhesabu watu anamhesabia vidole binti wa mwenyeji wake, na mzee Mitomingi anazichoma moto karatasi zote za sensa. Nilicheka mpaka konda akaniuliza kama niko sawa. Kwamba kile kitabu kinachekesha halikuwa kwenye notsi. Halikuwa dhamira, halikuwa falsafa, wala mtihani haukuliuliza. Fikiria hasara ambayo tungeipata: darasa zima linacheka, kipindi kinapita, migogoro haijaorodheshwa.

Kisa hicho kimenifundisha jambo jingine kuhusu ubora wa notsi. Karatasi za Ngoswe ziliungua, na kazi yote ikapotea, kwa sababu kila kaya ilikuwa imesema jambo lake. Daftari langu likiungua hakipotei kitu. Jirani yangu ana maneno yaleyale, na jirani yake, na darasa lililotutangulia, na shule ya kata inayofuata. Kote nchini hakuna aliyeandika sentensi yake mwenyewe.

Nyumbani notsi zilikuwa na heshima ambayo alama hazikuwahi kuipata. Mama hakusoma sekondari, na Kiingereza kwake ni kile cha kwenye maboksi ya dawa. Jioni aliniita.

"Leo mmefundishwa?"

"Tumefundishwa, mama."

"Lete nione."

Nikampelekea. Alilowesha kidole, akafungua ukurasa kwa ukurasa, akatazama mistari ilivyojaa kutoka pambizo hadi pambizo, akaridhika. Siku ambayo mwalimu mgeni wa mafunzo kwa vitendo alitutoa nje kupima kivuli cha mlingoti wa bendera, tukabishana, tukakosea, tukarudia, tukapata urefu wa mlingoti bila kuupanda, daftari langu lilirudi na mistari mitatu na mchoro. Mama aliutazama ule ukurasa muda mrefu. "Kwa hiyo leo mmeshinda mnacheza," alisema. Yule mwalimu mgeni alimaliza mazoezi yake akaenda zake, na hali ikarejea kuwa ya kawaida.

Wathibiti ubora wa shule nao wana busara ya mama. Wanapokuja, wanaomba madaftari. Daftari lililojaa ni ushahidi kwamba mada imemalizika, na mada iliyomalizika ni ushahidi kwamba mwalimu amefundisha, na mwalimu aliyefundisha ni ushahidi kwamba mwanafunzi amejifunza. Mnyororo huo haujawahi kukatwa na mtu kwa kumuuliza mwanafunzi. Tiki nyekundu na tarehe vinatosha. Mwenzetu mmoja aliwahi kuingiza kikosi cha kwanza cha Simba, pamoja na wachezaji wa akiba, katikati ya notsi za Kemia, baada tu ya elementi ya kumi na nane. Alipata tiki. Kipa alipata ya kwake peke yake.

Maadui wa notsi wamekuwepo siku zote, na wamejaribu kila njia. Mwaka 2005 walileta mtaala unaojali umahiri, ambao ulitaka mwanafunzi atende, agundue, ajadili. Tuliupokea vizuri: tulinakili maana ya umahiri. Fedha za fidia ya rada, zile pauni milioni 29.5 kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza ambazo mitaani tuliziita chenji ya rada, zikanunulia shule za msingi vitabu na madawati. Watoto waliosoma kwa vitabu hivyo wakafika sekondari, wakapewa kaunta buku. Januari 2016 ada ikafutwa, vyumba vikafurika, na hapo ndipo notsi zilipoonyesha ubavu wao, maana ubao hauna habari kama waliokaa mbele yake ni 40 au 120. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vikagawiwa kwa walimu. Mdogo wangu ananiambia mwalimu wao anakitumia kila siku: anakishika mkono wa kushoto, anakitazama, na kwa mkono wa kulia anaandika ubaoni.

Wanaopenda hoja za takwimu hutukumbusha mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa na sifuri, karibu sita katika kila kumi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na idadi ya sifuri ikapungua bila mtu kurudia pepa. Nakiri lilikuwa pigo. Lakini katika zogo lote lile, redioni, bungeni na vijiweni, sikumsikia mtu akimtuhumu hata mtahiniwa mmoja kwamba alikuwa na daftari tupu.

Hatari halisi haikuja kwa tume wala kwa vishikwambi. Imekuja juzi, na imekuja kwa upole. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo limeandikwa kwa Kiswahili. Walioliandika bila shaka walikuwa na nia njema na hawakufikiria madhara. Mdogo wangu alikuwa mezani ananakili notsi za mwenzake, kalamu inakwenda, kichwa kimelala upande kama ilivyo ada. Kisha kalamu ikasimama.

"Kaka, hivi hili ni kweli?"

"Lipi?"

"Hili nililoandika hapa."

Nilimwambia aendelee kunakili. Hakuendelea. Alirudi juu, akausoma mstari uliotangulia, akaukuta haukubaliani na uliofuata, akataka kujua nani mkweli kati ya hiyo miwili. Usiku ule aliandika nusu ukurasa tu. Wakati wa Kiingereza mambo kama haya hayakuwahi kutokea nyumbani kwetu, na sijui tutamweleza nini mama.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia mambo mawili. La kwanza, somo hilo litafsiriwe haraka kabla ugonjwa haujaenea kwenye Kemia na Jiografia, ambako siku mtoto akielewa anachokiandika atauliza iodini iko wapi na mto wa nyuma ya shule unaitwaje. La pili ni dogo zaidi, na liko ndani ya uwezo wa mfuko wa shule yoyote: mbao za madarasa yetu zipakwe rangi upya. Zimepauka kiasi kwamba kuanzia safu ya nne kwenda nyuma hakuna anayesoma kilichoandikwa. Wananakili kwa jirani, na jirani naye ananakili kwa jirani.